Kushuka Korongo la Fish River: mwongozo kamili wa siku tano kwa miguu

Korongo la Fish River huanza kukudanganya kabla hujapiga hatua. Ukisimama ukingoni, kilomita chache kutoka kambi ya Hobas, mto ule chini unaonekana kama uzi uliodondoka, nawe unajisemea: hapa ni kuteremka tu, kisha tunafuata maji. Saa mbili baadaye magoti yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na mto bado uko chini yako.

Korongo hili liko kusini mwa Namibia, ndani ya hifadhi ya ǀAi-ǀAis/Richtersveld inayovuka mpaka hadi Afrika Kusini. Lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana wake mahali pengine unafika kilomita 27, na kina kinakaribia mita 550. Njia ya miguu inaanzia upande wa kaskazini na kuishia kwenye chemchemi za maji moto za Ai-Ais, kama kilomita 85 ukifuata kila kona ya mto, pungufu ukijua pa kukata. Watu wengi hutumia siku 4 au 5.

Humo ndani hakuna kibanda, choo, duka, mtandao wa simu wala mpagazi. Waliozoea kupanda Kilimanjaro, ambako mtu anakubebea mzigo na mwingine anakupikia uji, waanze kwa kulisahau hilo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kushuka. Ukishateremka, unachoweza kurekebisha ni kidogo sana.

Kibali, cheti, na watu wa kwenda nao

Njia hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa tarehe 15 Septemba. Miezi mingine joto la bondeni hupita nyuzi 40, na mvua iliyonyesha mbali sana, ambayo wewe hukuiona hata wingu lake, inaweza kuleta mafuriko ya ghafla. Usitafute mtu wa kukupitisha nje ya msimu.

Kibali hutolewa na Namibia Wildlife Resources, shirika linaloendesha kambi za Hobas na Ai-Ais. Omba mapema, miezi mingi kabla, hasa ukitaka tarehe za likizo za shule. Kundi lazima liwe na watu wasiopungua 3 na wasiozidi 30, na mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi. Kila mmoja anatakiwa kuwa na cheti cha daktari kinachosema afya yake inamudu safari, kisichozidi siku 40 tangu kilipotolewa. Hizo siku 40 zihesabu vizuri. Ukipimwa mapema mno kwa bidii, cheti kitakuwa kimekufa siku unayofika. Na usidhani utashuka asubuhi upande jioni kwa kujionea tu. Matembezi ya siku moja ndani ya korongo hayaruhusiwi.

Mwezi gani? Mei na mwanzo wa Juni mto huwa bado na maji mengi, kwa hiyo maji ya kunywa hayana shida, lakini utavuka ukilowa mara kwa mara. Julai usiku ni baridi kali, inaweza kukaribia nyuzi sifuri. Agosti na Septemba mto hubaki madimbwi, maji yanakuwa ya kijani, na mchana unarudi kuwa tanuri. Mimi ningechagua Juni, na fuko la kulalia lililo zito kidogo.

Kuhusu wenzako, nitasema wazi: usichague kwa urafiki. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mgonjwa wa mguu. Rafiki asiyeweza kusema "nimechoka" hadi adondoke ni hatari kuliko mgeni anayelalamika tangu saa ya kwanza.

Miezi miwili kabla: fanya mazoezi ya kushuka

Kosa la wengi ni kufanya mazoezi ya kupanda. Mapafu watakuwa nayo. Kitakachowaangusha ni misuli ya mbele ya mapaja, ile inayofanya kazi ya breki. Tafuta jengo la ghorofa nyingi au kilima, beba kilo 8, kisha 10, kisha 14, na ushuke polepole ukigusa kila ngazi kwa udhibiti. Kupanda, panda hata kwa lifti ukitaka. Mara 3 kwa wiki zinatosha.

Siku moja ya wiki tembea kwenye mchanga, wa mto au wa pwani, ukiwa na mzigo na viatu vilevile utakavyovaa korongoni. Kiatu kipya kisiione Namibia kabla hakijatembea kilomita 100.

Mzigo

Hapa ndipo safari inaposhindwa au kushinda, kwa hiyo tukae kidogo.

Lenga shanta lisilozidi robo ya uzito wako, na likiwa moja ya tano, bora zaidi. Kwa wengi hiyo ni kilo 12 hadi 15 pamoja na maji ya kuanzia. Tulipojipanga Hobas usiku wa kabla ya kushuka, kaka mmoja katika kundi letu alitoa makopo manne ya maharage na kuyapanga mezani kwa fahari. Tulicheka. Asubuhi ya siku ya pili tulikuwa tumekaa kwenye mawe tukila maharage kwa vijiko, wote, bila njaa, ili tu bega lake lipumzike, na makopo matupu aliyabeba mpaka Ai-Ais kwa sababu takataka zote hutoka nawe.

Chakula kiwe kikavu: shayiri ya uji, wali unaoiva haraka, dagaa au nyama kavu, karanga, tende, maziwa ya unga, supu za pakiti. Gramu 600 hadi 700 kwa siku kwa mtu mmoja zinatosha ukichagua vyenye mafuta. Fungasha kila siku kwenye mfuko wake na uandike juu "siku 1", "siku 2". Ongeza mfuko mmoja wa akiba. Usipofanya hivyo, siku ya nne utakuta kundi lina chumvi, majani ya chai na lawama.

Pika kwa jiko dogo la gesi, usitegemee kuni. Mtungi wa gesi hauruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo nunua Windhoek, mji mkuu. Kutoka hapo hadi mji wa Keetmanshoop ni kama kilomita 500 za lami, kisha kunafuata barabara za changarawe ambazo hula matairi. Hakikisha una tairi la akiba lenye upepo.

Hema? Wengi hawabebi. Majira hayo mvua ni nadra, na kulala juu ya mchanga chini ya nyota za jangwa ni nusu ya sababu ya kwenda. Beba turubai jepesi la kutandika, godoro jembamba na fuko la kulalia linalostahimili nyuzi sifuri.

Nguo: moja ya kutembelea, moja kavu ya kulalia ambayo haitumiki kwa kingine hata ukishawishika, sweta nzito, kofia yenye ukingo mpana, na kofia ya sufu ya usiku. Soksi jozi 3. Ongeza ndala imara au viatu vya kuvukia maji. Fimbo mbili za kutembelea si za wazee. Zinapunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka na ni mguu wa tatu mtoni. Usisahau tochi ya kichwani, plasta, uzi na sindano, dawa ya maumivu, chumvi za ORS na kioo kidogo cha kuakisi mwanga.

Siku ya kwanza: kushuka, kisha mawe

Gari liache Ai-Ais, mwisho wa njia, upande usafiri wa kurudi Hobas siku moja kabla. Ukiliacha juu utajilaumu baadaye, kwa kuwa kati ya kambi hizo mbili kuna kilomita 70 hivi za barabara.

Katikati ya mwaka jua huchomoza huko karibu saa moja na nusu asubuhi na kutua saa kumi na mbili jioni. Anza kushuka mara tu unapoona pa kukanyaga. Beba lita 2 au 3 kila mtu, maana hakuna maji mpaka mtoni. Sehemu ya juu ina minyororo ya kushikilia. Geuka, shuka ukiwa umeutazama mwamba, na msiwe wawili kwenye mnyororo mmoja. Aliye juu akigusa jiwe likaanza kubingirika, apige kelele "Jiwe!" bila kuona haya.

Hatua ziwe fupi. Goti lisinyooke kabisa unapotua. Kila dakika 20 simama, hata kama hujachoka, maana ukisubiri mpaka uchoke misuli imekwisha kukusaliti. Mteremko ni kama mita 500 kwa wima, na saa mbili si aibu. Wenye mizigo mizito hutumia tatu.

Ukifika chini utajitupa mtoni ukidhani kazi imekwisha. Inaanza. Kutoka hapo hadi Palm Springs, mwendo wa kilomita 15 hivi, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: majabali makubwa kama magari, mengine yamesuguliwa na mto hadi yanang'aa, na katikati yake mchanga unaozamisha kifundo. Unapanda jiwe, unazama, unapanda jiwe. Kilomita 2 kwa saa ni mwendo mzuri hapo. Usilazimishe kufika Palm Springs siku ya kwanza. Lala popote saa kumi ikikukuta, kwenye mchanga ulioinuka kidogo, mbali na maji kwani kandokando ya mto kuna baridi na umande.

Jiwe lililosuguliwa linateleza hata likiwa kavu. Weka mguu wote, si kidole, na usiruke ukiwa na shanta. Shuka, zunguka, panda. Vifundo vingi huteguka kwa mtu aliyetaka kuokoa hatua nne.

Siku ya pili: harufu ya mayai

Palm Springs utainusa kabla ya kuiona. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 57 hivi, yamejaa salfa. Usiyanywe, na usitumbukize mguu pale yanapotokea. Tafuta mahali yanapochanganyika na mto. Mitende iliyopo si ya asili ya pale. Inasimuliwa kuwa Wajerumani wawili waliojificha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitupa kokwa za tende, nazo zikaota. Nilipoona mitende ile katikati ya mawe makavu, niliamua kuiamini hadithi bila ushahidi.

Pumzika hapo, lakini fanya ukaguzi wa kweli. Kila mtu avue viatu, aoneshe miguu. Karibu na Palm Springs ipo njia ya dharura ya kupanda kurudi ukingoni. Mwenye goti lililovimba au homa aamue hapo, asisubiri siku ya tatu. Ukimpandisha mtu, asipande peke yake.

Maji na miguu, kila siku

Maji ya kunywa ni ya mto huohuo. Ukiona yana tope, yachote jioni kwenye chombo kipana yatulie usiku, kisha chuja na utibu kwa vidonge, au yachemshe. Kichujio pekee huziba haraka kwa matope, kwa hiyo vidonge viwepo hata kama umenunua kichujio cha bei mbaya. Msimu ukiwa umeenda sana, usipite dimbwi zuri kwa matumaini ya jingine mbele. Lita 4 kwa siku ni kawaida, na siku ya joto zidisha. Mtu anayekunywa sana bila chumvi naye huugua: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Pakiti moja ya ORS mchana, na karanga zenye chumvi, husaidia kuzuia hilo.

Malengelenge hayaanzi kama malengelenge. Yanaanza kama joto kidogo mahali fulani kisiginoni, na unajiambia "nitaangalia tukisimama". Simama papo hapo. Kung'uta mchanga, kausha, bandika plasta. Dakika 3 hizo zinaokoa siku 3. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana nge nao hupenda mahali pa joto.

Kuvuka: chagua mahali mto ulipopanuka, kwa kawaida ndipo kina kinapopungua. Fungua mkanda wa kiunoni wa shanta ili ukianguka uliache. Tazama mkondo unakotoka, chomeka fimbo upande wa juu, sogea kwa ubavu. Maji yakipita mapaja na yanakwenda kasi, rudi, tafuta pengine.

Haja kubwa: chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na mto hatua 80 au zaidi, na karatasi utoke nayo kwenye mfuko. Maji hayo kuna kundi linayanywa kesho. Vyombo na mwili vioshee pembeni, si ndani ya mto, hata kama sabuni imeandikwa ni rafiki wa mazingira.

Siku ya tatu na ya nne: bonde linapofunguka

Baada ya Palm Springs mambo hulainika. Bonde linapanuka, mchanga unakuwa mgumu, na unaweza kwenda kilomita 20 kwa siku bila kutukanana. Hapa ndipo macho yanarudi juu.

Tazama kuta kwa makini. Sehemu ya chini ni miamba ya naisi na graniti yenye zaidi ya miaka bilioni moja, imekunjwa na kupinda kama nguo iliyokamuliwa. Juu yake zimelala tabaka za mawe ya mchanga, chokaa na tope lililoganda, zimenyooka kama vitabu rafuni. Hizo zina miaka kama milioni 550. Mstari kati ya viwili hivyo unauona kwa macho, na ndani yake umepotea muda wa mamia ya mamilioni ya miaka. Ukitaka uthibitisho, fuata kwa jicho mishipa ya mwamba mweusi inayopanda ukutani: inakatika palepale kwenye mstari, haiingii kwenye tabaka za juu. Ilikuwepo kabla hizo hazijawekwa. Wasan, wenyeji wa kale wa huko, wana maelezo yao: nyoka mkubwa, Koutein Kooru, alilipasua bonde kwa mwili wake akiwakimbia wawindaji. Ukiona jinsi mto unavyojipinda, hutabishana nao.

Alama za kujua ulipo ni miamba yenyewe. Table Mountain, kilima chenye kichwa bapa, kiko kama kilomita 30 tangu mwanzo. Mbele zaidi utaona Three Sisters, vilele vitatu vilivyosimama pamoja, kisha Four Finger Rock, mwamba uliogawanyika kama vidole vinne vilivyonyooshwa. Hakuna vibao vya kutegemea. Ramani ya karatasi iwe nawe, simu iwe nyongeza.

Katika eneo hili ndipo njia za mkato zilipo. Mto unapozunguka kilima, mara nyingi kuna kijia kinachopita mgongoni na kukuokolea saa nzima. Kanuni yangu: kata kona kama naona nyayo au mawe yaliyopangwa, kila mtu ana lita 2, na tunajua tutaushukia mto upande gani. Kimoja kikikosekana, fuata maji. Mto hauwezi kukupoteza.

Karibu na Four Finger Rock kuna kaburi la Luteni Thilo von Trotha, aliyeuawa mwaka 1905 katika vita vya Wanama, watu wa kusini mwa Namibia, dhidi ya watawala wa Kijerumani. Ni mwaka uleule Maji Maji ilipoanza Tanganyika, dhidi ya utawala uleule. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Wanama waliokufa katika bonde hilo hawakuwekewa jiwe.

Wanyama utawaona kwa mbali: mbuzi mawe juu ya kingo, tandala, punda milia wa milimani. Chui wapo, lakini utaona nyayo tu. Msumbufu halisi ni nyani. Chakula kisilale nje, na usiache shanta wazi unapooga. Kambale hukaa kwenye madimbwi makubwa, na usiku husikika wakiruka.

Mambo yakiharibika

Mtu akivunjika au kuugua, kaeni pamoja kwanza, mtieni kivulini, mpeni maji. Mkiwa wanne au zaidi, wawili wenye nguvu waende kutafuta msaada wakiwa na karatasi iliyoandikwa mahali, saa, jina na hali ya mgonjwa, na mmoja abaki. Mkiwa watatu hesabu inakuwa ngumu, na hapo ndipo kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe wa dharura kinapolipa gharama yake. Kama huwezi kununua, kodi. Bima ya safari iseme wazi kuwa inalipia uokoaji wa helikopta.

Dalili za kuzidiwa na joto: mtu anaacha kuongea, anajikwaa, anajibu mambo ambayo hayakuulizwa. Usimhimize atembee. Mlowanishe nguo, mpepee, ngojeni jua lishuke. Zuia kabla: tembeeni asubuhi mpaka saa tano, lalieni kivuli cha mwamba, anzeni tena saa tisa.

Siku ya tano

Kilomita za mwisho ni tambarare na ndizo zinazochosha roho. Unajua Ai-Ais ipo, kona inayofuata haioneshi kitu, na inayofuata tena haioneshi kitu. Bakiza peremende au kahawa kwa saa hizo. Usikimbie mwishoni, miguu imechoka na mawe bado ni mawe.

Jina Ai-Ais katika Kinama lina maana ya maji yanayounguza, na chemchemi yake inakaribia nyuzi 60; kwenye mabwawa hupozwa kidogo. Kabla ya kuingia pita mapokezi, waambie kundi lenu limetoka lote na mtaje idadi. Kisha oga kwa sabuni kwanza, na mwenye malengelenge yaliyopasuka aning'inize miguu nje ya bwawa. Anajua ni nani. Ndiye aliyesema "nitaangalia tukisimama".